Nina miaka 39 na watoto watatu: nianzie wapi kurudi masomoni nikiwa Pemba?

Fundi wa Wete:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mkaazi wa Wete, nina mke na watoto watatu, na kazi inayotulisha nyumbani ni ufundi wa umeme wa majumbani, niliojifunza kwa kumfuata fundi mkubwa tangu nilipomaliza kidato cha nne. Kazi naijua na riziki napata, lakini kila linapotokea jengo la Serikali au hoteli yenye mkataba wa maana, huishia kuwa mvuta waya chini ya kijana mwenye cheti, ambaye mara nyingine huniuliza mimi namna ya kugawa saketi na mahali pa kuzika ethi. Kijana huyo sina kinyongo naye, kwa sababu yeye ana karatasi na mimi sina, na mwenye jengo anatazama karatasi.

Cheti changu cha kidato cha nne kina D katika Kiswahili, Uraia, Kiarabu na Elimu ya Dini ya Kiislamu, na masomo mengine yote ni F. Nilihesabu masomo manne nikaona yanatosha kuanza ngazi ya cheti, nikaomba nafasi katika chuo kimoja, na majina yalipotoka langu halikuwemo. Sababu sikuelezwa, nami niliona haya kusimama dirishani kuuliza mbele ya vijana walio rika moja na mtoto wangu wa kwanza.

Naomba kujua mambo haya. Kwa nini masomo yangu manne hayakutosha? Ikiwa nitalazimika kurudia mtihani katika umri huu, utaratibu wake ni upi na nirudie masomo gani? Je, ninaweza kusoma bila ya kuhama Pemba, maana mke wangu hawezi kubeba nyumba peke yake kwa miaka mitatu? Na mkopo wa masomo, mtu wa umri wangu anaupata? Lengo langu, Mwenyezi Mungu akinijaalia, ni stashahada ya umeme. Habari ya shahada bado sijathubutu kuiwaza.

Mwalimu wa Laasiri:

Waalaykumu salaam, ndugu Fundi. Ninafundisha masomo ya jioni hapa Chake Chake, na wanafunzi wangu wengi ni watu wazima wanaorudia mtihani wa kidato cha nne, kwa hivyo swali lako la kwanza nimelisikia mara nyingi kuliko unavyodhani.

Wewe unayo masomo matatu tu yanayohesabiwa. Sharti la kuingia ngazi ya nne ya NTA, yaani tuzo za taifa za elimu ya ufundi, ambayo ndiyo ngazi ya kwanza ya cheti kwa vyuo vilivyo chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, ni ufaulu usiopungua D katika masomo manne yasiyo ya dini. Kiarabu kinahesabiwa kwa kuwa ni lugha, lakini Elimu ya Dini ya Kiislamu haihesabiwi hata ukiwa na A. Hapa Visiwani sharti hili huwaangusha watu wengi, kwa sababu dini ndiyo somo ambalo wengi wetu tuliingia nalo skuli tukiwa tumeshalisoma madrasa tangu utotoni, na mara nyingi ndilo lililotupa alama nzuri kuliko yote. Tangazo la chuo hulieleza sharti hilo kwa maneno machache ambayo msomaji mwenye haraka huyaruka.

Kuhusu kurudia, utajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea wa Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Usajili hufunguliwa Januari na muda wa kawaida huisha mwishoni mwa Februari. Anayechelewa hulipa ada ya juu zaidi ndani ya muda mfupi wa nyongeza, na baada ya hapo husubiri mwaka mwengine. Ada ya kawaida kwa kidato cha nne, kwa miaka ya karibuni, imekuwa shilingi 50,000. Unachagua kituo cha mtihani kilicho karibu nawe, unakwenda kuchukua namba ya rejea kutoka kwa mkuu wa kituo, unajaza fomu kwenye tovuti ya Baraza, na unalipa kwa kumbukumbu namba utakayopewa. Mtihani wenyewe hufanyika Novemba pamoja na wanafunzi wa skuli. Kwa kuwa cheti unacho tayari, hulazimiki kuyafanya upya masomo yote. Unafanya yale unayoyahitaji.

Lipo jambo moja ambalo mtahiniwa wa kujitegemea inafaa alielewe tangu mwanzo. Mwanafunzi wa skuli ana alama za maendeleo zinazoingizwa katika matokeo yake ya mwisho, lakini wewe huna, kwa hivyo karatasi ya Novemba ndiyo inayobeba kila kitu. D huanzia alama 30 na C huanzia 45. Alama 30 zinaweza kupatikana na mtu anayefanya kazi mchana kutwa, kwa sharti asome mada zinazotoka mara kwa mara badala ya kujaribu kukimeza kitabu kizima, na aandike majibu kwa mkono wake badala ya kusoma kwa macho tu. Kwenye tovuti ya NECTA kuna mitihani iliyopita, na kuna pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo zinaeleza swali kwa swali mahali walipokosea na kwa nini. Taarifa hizo ni hazina, na sijui kwa nini watu hununua vijitabu vya majibu vyenye makosa ilhali hizi zinatolewa bure. Vitabu vya kiada vyenyewe unavipata bila malipo katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, hata kwa simu, na ukitaka utulivu na meza ipo maktaba hapa Chake Chake; ndugu zetu wa Unguja wanayo Maktaba Kuu ya Maisara.

Sasa nakuomba usikimbilie kujisajili kabla ya kulijibu swali hili: unataka kwenda wapi baada ya hapo? Ikiwa unataka cheti cha utawala, utunzaji wa kumbukumbu au biashara, somo moja tu, tuseme Historia au Jiografia, litakukamilishia manne. Lakini umesema unataka umeme, na kozi za uhandisi huangalia Hisabati na sayansi, hasa Fizikia. Ukifaulu Historia mwakani utakuwa na masomo manne kamili na bado chuo cha ufundi kinaweza kukukataa.

Msimamizi wa Karakana:

Maalim amesema kweli yote kuhusu mtihani, lakini ningemzuia Fundi asitumie mwaka mzima kupigana na Fizikia ya kidato cha nne kabla hajaitazama njia iliyo karibu naye zaidi, ambayo ni mafunzo ya amali. Nimefanya kazi katika karakana za mafunzo kwa muda mrefu, na mara kwa mara nimekutana na mafundi wa aina yake: mikono imekamilika, hesabu za saketi wanazo kichwani, lakini hakuna aliyewahi kuwapima na kuwaandikia.

Mfumo wa vyeti vya ufundi hapa nchini una ngazi tatu za NVA, yaani tuzo za taifa za ufundi stadi, kabla ya kuingia ngazi za NTA. Mtu mwenye NVA ngazi ya tatu na cheti cha kidato cha nne hupokelewa na vyuo vingi vya ufundi katika ngazi ya nne ya NTA hata kama masomo yake ya kidato cha nne hayajafika manne. Na si hapo tu. Hata katika masharti ya Tume ya Vyuo Vikuu kwa mwenye stashahada anayeomba shahada, NVA ngazi ya tatu inatajwa kuwa mbadala kwa yule aliyepungukiwa na masomo manne ya kidato cha nne, ilimradi stashahada yake iwe na GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0. Kwa hivyo shahada unayoogopa kuiwaza haijafungwa kwako, na Historia si lazima iwe ufunguo wake.

Kwa upande wa mahali, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Pemba penyewe: Vitongoji, na Daya Mtambwe ambako ni huko huko kwenu Wete. Unguja kuna Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Makunduchi. Usiende pale kama mwanafunzi mpya asiyejua kushika bisibisi. Nenda ukaulizie utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya darasa, yaani ule utaratibu ambao fundi mzoefu hupimwa kwa vitendo na kwa mahojiano, huoneshwa mapengo yake, na hupewa cheti cha ngazi anayostahiki bila ya kuanza moja. Wakati mwengine fundi hufaulu vitendo vyote na kukwama katika usalama wa kazi au kusoma mchoro uliochorwa na mtu mwengine, na hapo hutakiwa kuhudhuria mafunzo mafupi ya kuziba pengo hilo tu.

Kabla hujakwenda, kusanya ushahidi. Piga picha za bodi za kugawia umeme ulizofunga, omba barua kutoka kwa wenye nyumba na kwa fundi aliyekufundisha ikiwa yu hai, chukua barua ya sheha inayokutambulisha, na uorodheshe kazi zako kuanzia nyumba ndogo ya vyumba viwili hadi jengo kubwa zaidi ulilowahi kushiriki. Mpimaji anayeona daftari la namna hiyo huanza mazungumzo na wewe mahali pengine kabisa.

Tatizo litakuja katika stashahada. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iko Mbweni, Unguja, na umeme hausomwi kwa barua, kwa hivyo siku moja utalazimika kuvuka bahari. Lakini kuvuka ukiwa na NVA ngazi ya tatu mkononi, unayeweza kuchukua kazi za jioni na za mwisho wa wiki mjini kwa bei ya fundi mwenye cheti, si sawa na kuvuka leo.

Mama wa Mkoani:

Naomba nami niseme, ingawa swali halikuelekezwa kwa wanawake. Mume wangu alirudi kusoma akiwa na umri kama wa Fundi, na kwa jumla alifaulu, lakini miezi ya mwanzo ilikuwa migumu kwa sababu ambayo haimo katika masharti ya chuo chochote: hakutuambia. Alikuwa akitoka baada ya magharibi na kurudi usiku, pesa za nyumbani zikipungua kidogo kidogo, na mimi, kama mke yeyote, nikafikiri ninayoyafikiri. Siku nilipokuta karatasi za mtihani wa Uraia ndani ya mfuko wa pikipiki nilicheka mpaka nikalia. Alikuwa akiona haya, basi, kwamba akifeli watoto watajua.

Baba zetu wa Visiwani wana tabia hii, na nadhani ndiyo sababu madarasa ya elimu ya watu wazima yamejaa wanawake. Darasa la kisomo nililosoma mimi mwenyewe lilikuwa na wanaume wawili, nao walikaa karibu na mlango. Mwanamke akirudi kusoma husifiwa, lakini mwanamme huulizwa alikuwa wapi siku zote. Kwa hivyo namsifu Fundi kwa kuuliza hadharani, na namwomba alipeleke swali lile lile kwa mkewe leo usiku kabla ya kulipeleka Daya.

Mkubaliane mambo kwa maneno yaliyo wazi: ni siku zipi hatakuwepo jioni, nani atawasimamia watoto katika kazi zao za skuli siku hizo, na ni pesa zipi ambazo haziguswi kwa ajili ya masomo hata tarehe ya mwisho ya ada ikifika. Sisi tuliweka fungu la ada katika kikundi cha hisa kwa jina langu, kwa sababu mimi si mwepesi wa kukopesha marafiki. Na watoto wakae naye meza moja. Mtoto wetu wa kati alikuwa mvivu wa Hisabati kupita kiasi, lakini alipoona baba yake anahangaika na sehemu na desimali aliona aibu kutojua, na hatimaye yeye ndiye aliyekuwa akimsahihishia.

Jengine ni kalenda. Mtihani wa Novemba huweza kukutana na vuno la karafuu, na mwaka wa mavuno mazuri hakuna baba wa Pemba anayekumbuka kitabu. Pangeni mapema nani atasimamia mikarafuu, kama mnayo. Ramadhani nayo ina mpangilio wake: mume wangu alikuwa hawezi kabisa kusoma baada ya tarawehe, lakini saa moja baada ya alfajiri ilimpa faida kuliko jioni nzima ya mwezi mwengine.

Mtumishi wa Tunguu:

Nitajibu swali la mkopo na la kusoma bila kuhama, kwa sababu nimeyapitia yote mawili nikiwa baba wa watoto wadogo na mtumishi wa umma.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ile ya Muungano, kwa miaka kadhaa umekuwa na sharti kwamba mwombaji asizidi umri wa miaka 35 wakati wa kuomba. Kwa miaka 39 mlango huo umefungwa, na ni bora ulijue mapema kuliko kulipa ada ya maombi bure. Sisi Wazanzibari tunayo pia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, na tangazo lake la kila mwaka ndilo linaloeleza nani anastahiki na kwa fani zipi. Likitoka lisome mwenyewe, usisomewe na rafiki. Lakini kwa hatua uliyopo sasa, ya NVA na cheti, usipange maisha yako juu ya mkopo wowote. Panga juu ya kikundi cha hisa alichokitaja Mama wa Mkoani, na juu ya kazi zako mwenyewe.

Mimi nilisoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna yetu hasa, wasioweza kuacha kazi na familia. Kina vituo Unguja na Pemba, hakina kikomo cha umri, na ada hulipwa kwa kadiri ya masomo unayoyachukua, kwa hivyo mwaka ambao mtoto anaumwa au kazi imepungua unachukua machache. Kwa asiye na sifa za moja kwa moja za shahada kuna programu ya msingi, ambayo nayo hutaka GPA isiyopungua 3.0 pamoja na sifa nyengine za nyuma, mfano stashahada au pointi kidogo za kidato cha sita. Baadhi ya watu huielewa vibaya wakadhani inamtoa mtu kidato cha nne na kumpeleka shahada kwa mwaka mmoja. Haifanyi hivyo.

Ila ninasita kumshauri Fundi aende huko kwa sasa. Elimu huria inamfaa mtu wa sheria, elimu, utawala au biashara, ambaye kazi yake inafanyika kwa kusoma na kuandika, na fundi wa umeme anahitaji karakana. Nasema pia, kwa uzoefu, kwamba uhuru wa ratiba ndio unaowamaliza wanaume wengi: hakuna anayekuita, hakuna anayekuandikia hukuhudhuria, na mwaka unapita. Waliohitimu katika kundi letu ni wale waliokuwa wakikutana kila Jumapili asubuhi katika baraza ya mmoja wetu wakiwa na swali moja la mtihani uliopita, hata kama wengine walikuja na watoto migongoni.

Kwa baba wanaosoma hapa ambao wameajiriwa Serikalini: ombeni ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya kujiunga. Shahada iliyosomwa bila ya ruhusa ya mwajiri huleta mzozo siku ya kuomba kupandishwa daraja, na mzozo huo huchukua muda mrefu kuliko kozi yenyewe.

Jirani wa Konde:

Nina kaka yangu ambaye hakufika kidato cha nne. Alichujwa kidato cha pili kama wenzake wengi wa zama zile, na sasa ni mvuvi mwenye familia. Haya yote yanamhusu vipi?

Mwalimu wa Laasiri:

Yanamhusu, ila ana hatua moja zaidi. Asiye na ufaulu wa kidato cha pili huanza na Mtihani wa Maarifa, ambao watu wanauita QT, na akifaulu ndipo anajisajili kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wake unakwenda sambamba na ule niliouelezea. Ikiwa kusoma na kuandika kumemlemea, aanzie katika Idara ya Elimu Mbadala na Watu Wazima ya Wizara ya Elimu; mratibu wa wilaya atamwelekeza darasa lililo karibu, na kwa walio mjini Unguja kipo Kituo cha Elimu Mbadala cha Rahaleo. Na kama anachokitaka ni ufundi wa mashine za boti, basi ushauri wa Msimamizi wa Karakana unamfaa yeye kuliko wangu.

Fundi wa Wete:

Nimesoma majibu yote, na nimemsomea mke wangu jibu la Mama wa Mkoani, naye ameomba nimfikishie salamu. Amekubali jioni nne kwa wiki na amekataa Ijumaa.

Nimebaki na maswali mawili. La kwanza ni kwa Msimamizi: nikipata NVA ngazi ya pili badala ya ya tatu, je, nimepoteza? La pili ni kwa Maalim: wakati nikishughulikia amali, ni busara kufanya pia Hisabati Novemba, au nitakuwa nashika mambo mawili na kuyaacha yote? Kuna jambo jengine dogo. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Hamisi na cheti cha skuli kinasema Khamis. Mpaka leo sijaona tatizo, lakini nimeanza kuingiwa na wasiwasi.

Msimamizi wa Karakana:

Hujapoteza. Ngazi ya pili inakuruhusu kuomba kazi nyingi ambazo leo unapitwa nazo, na kutoka hapo unajiandaa kwa ya tatu kwa kujua hasa ni nini kilichokosekana, kwa sababu mpimaji hukueleza. Ninachokuomba ni kwamba usikubali kuishia hapo kwa sababu ya kazi zitakazoanza kuja. Ngazi ya tatu ndiyo inayotambuliwa na vyuo.

Na uanze kusoma michoro. Mafundi waliojifunzia kazini huwa na udhaifu huu karibu wote: wanajua waya unapita wapi kwa sababu waliupitisha wao, lakini ukiwapa mchoro wa jengo wasilolijua wanaugeuza juu chini. Chukua nyumba uliyoifunga mwenyewe, uichore kwa alama zinazotumika katika fani, kisha mpe fundi mwengine aone kama ataielewa bila ya kukuuliza.

Mwalimu wa Laasiri:

Fanya Hisabati, lakini fanya hiyo peke yake mwaka wa kwanza, na Fizikia iache kwa mwaka unaofuata ikiwa bado utaihitaji. Ufaulu wa Hisabati utakuwa wa nne katika hesabu yako, kwa hivyo utakuwa umekamilisha sharti la chuo kwa njia ya mtihani huku ukijenga NVA kwa njia ya ufundi, na iwapo moja itachelewa nyengine itakuvusha. Zaidi ya hayo, stashahada ya umeme ina hesabu nyingi, na ni bora uzikutie huku Pemba, ambako ukikwama unaweza kuja Chake Chake baada ya laasiri, kuliko kuzikutia Mbweni ukiwa umelipa ada.

Usianze na mada ngumu. Anza na zile unazozitumia kila siku bila ya kuziita Hisabati: uwiano, asilimia, vipimo vya eneo, hesabu za faida na hasara, halafu takwimu na milinganyo rahisi. Mtu aliyezoea kukadiria mita za waya na bei ya vifaa vya nyumba nzima kichwani anazo alama kadhaa kabla hajafungua daftari. Kinachomwangusha ni Kiingereza cha swali, kwa hivyo andika pembeni orodha ya maneno ya maswali yanayorudiwa kila mwaka, uyajue kama unavyojua majina ya vifaa vyako vya kazi.

Jina lishughulikie sasa hivi, kabla ya Januari. NECTA husajili kwa kufuata jina lililomo katika cheti chako cha mwanzo, na vyeti viwili vya mtihani vyenye majina tofauti huwa mzigo mkubwa zaidi kuliko tofauti uliyonayo leo. Jisajili kwa Khamis, herufi kwa herufi kama ilivyo katika cheti cha kidato cha nne, kisha nenda kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii hapo Pemba uulize namna ya kukioanisha cheti cha kuzaliwa, na uwe na hati ya kiapo inayoeleza kwamba Hamisi na Khamis ni mtu mmoja. Chukua nakala kadhaa zilizogongwa muhuri, kwa kuwa utaombwa hati hiyo kituoni, chuoni, na huenda hata siku ya kusaini mkataba wa kazi.